Baiskeli Iliyovusha Mpaka

Matatu zitokazo Kisumu huishia Busia, na huishia upande wa Kenya. Dereva hugeuza gari, utingo hugonga bodi akiita abiria wa kurudi Bumala, Ugunja na Yala, na msafiri wa Jinja au Kampala hubaki kando ya barabara na mizigo yake miguuni. Gari la kumpeleka mbele lipo, ila lipo Uganda. Kwa miaka mingi, kati ya geti la Kenya na geti la Uganda palikuwa na kipande cha barabara kilichozidi nusu maili, yaani mita 800 na ushei, na gari la abiria halikuweza kukikata kirahisi. Gari lina namba ya usajili, lina bima ya nchi moja, linahitaji cheti cha kuingilia nchi ya pili na afisa wa forodha wa kukigonga muhuri. Hakuna mwenye matatu atakayejaza makaratasi hayo kwa nauli ya dakika tano.

Baiskeli haikuwa na namba. Hilo peke yake ndilo lililozaa yote yatakayosimuliwa katika sura hii.

Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kusimama karibu na mageti, kila mmoja ameshika baiskeli yake, wakipaza sauti "boda! boda!" kumwita yeyote aliyetaka kuvushwa. Abiria alikaa nyuma juu ya keria, kifurushi mapajani. Mwendo wa kutembea na mzigo kichwani chini ya jua la mchana ukawa safari ya dakika chache. Mtindo huo haukukawia kupanda kaskazini hadi Malaba, kivuko cha pili, mahali ambapo Mto Malaba ndio unaotenga nchi hizi mbili na reli iliyotoka Mombasa huvuka kwenda Tororo. Kutoka hapo kazi na jina lake vilisambaa pamoja, na leo ni shida kuupata mji wa Kenya au Uganda usio na bodaboda.

Nikiulizwa ni jambo gani kubwa katika usafiri ambalo Afrika Mashariki imelibuni yenyewe, sitataja matatu wala daladala, ijapokuwa nazipenda zote mbili. Matatu hufuata barabara, na humshusha mtu barabarani. Bodaboda humfikisha mlangoni. Na waliolibuni hawakutumwa na wizara yoyote, hawakuchorewa ramani na mhandisi, hawakukopeshwa na benki. Waliona pengo ambalo serikali mbili zililiacha wazi, wakaingiza gurudumu.

Pengo lenyewe halikuwepo siku zote. Hadi mwaka 1902 nchi yote ya Busia, na mbele yake hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuitwa Kenya, na mwaka 1926 mstari tunaoujua sasa ukawekwa katika amri ya kifalme. Mstari ule uliwapasua Wasamia, ukawapasua na Wateso. Lakini maadamu pande zote mbili zilikuwa chini ya mkoloni mmoja, zikitumia shilingi moja na forodha moja, haukumbana mtu sana. Uganda ilipopata uhuru Oktoba 1962 na Kenya Desemba 1963, kila nchi ilitaka geti lake, bendera yake na askari wake. Mwaka 1966 kila moja ikatoa na shilingi yake. Mtu wa Busia aliamka akakuta shangazi yake yuko nchi ya kigeni, na ili anunue ndizi alizozoea kununua ni lazima kwanza abadili fedha. Hakuacha kuvuka. Aliendelea kwenda sokoni, mazishini na harusini, ila sasa kila safari ilikuwa na mageti mawili ndani yake.

Ndiyo maana nasema waendeshaji wa kwanza hawakuwa wakibeba wageni. Walikuwa wakibeba jirani zao.

Tuiangalie baiskeli yenyewe, kwa sababu waandishi wengi huipita mbio kwenda kwenye pikipiki. Ilikuwa ile nzito, nyeusi, ya gia moja, ambayo Wakenya waliipa jina la Black Mamba. Asili ya umbo lake ni Uingereza, katika kiwanda cha Raleigh mjini Nottingham, na baadaye viwanda vya India vikaitengeneza kwa wingi, Hero ikiwa maarufu kuliko zote. Breki zake hazikuwa za waya bali za fito za chuma zilizoshuka kutoka usukani hadi kwenye rimu. Fito hazikatiki ovyo kama waya, na zikipinda fundi huzinyoosha kwa nyundo. Tairi zake za inchi 28 zilipita juu ya mashimo ambayo gurudumu dogo lingetumbukia. Ilikuwa na uzito wa kilo ishirini hivi kabla mtu hajapanda, na mwendeshaji aliikanyaga ikiwa na mtu mzima nyuma, wakati mwingine na gunia la mahindi juu ya hapo.

Baiskeli kama ilivyotoka dukani haikufaa kwa kazi hii. Keria ya kiwandani ilitengenezwa kubeba mzigo mwepesi, si binadamu. Kwa hiyo mafundi wa kuchomelea wa miji hii miwili walianza kazi. Waliondoa keria nyembamba wakaunda nyingine ya vyuma vinene. Wakaongeza mikono ya chuma kushikilia ekseli ya nyuma isipinde. Wakaweka vyuma vya kukanyagia, ili miguu ya abiria isining'inie ikaingia kwenye spoki. Chini ya tandiko la mwendeshaji wakachomelea kishikio, kwa sababu abiria wengi, hasa akina mama, hawakutaka kumkumbatia kijana wasiyemjua. Juu ya keria ukawekwa mto wa sponji uliovikwa plastiki nene ya rangi ya kupendeza, mara nyingi wenye nyuzi za mapambo pembeni. Madigadi zikaandikwa maneno: majina ya watoto, mistari ya imani, majina ya wachezaji mpira. Mpanda baiskeli wa Busia alijua kwamba abiria huchagua kwa macho kabla ya kuuliza bei.

Kisha kuna ustadi wa mwili, ambao hauwezi kuchomelewa na fundi. Akina mama wengi hukaa upande, miguu yote kushoto au yote kulia, kama heshima inavyotaka. Mzigo ulioegemea upande mmoja huvuta baiskeli iende mtaroni. Mwendeshaji hulazimika kuegemea kidogo upande wa pili, usukani ukiwa umenyooka, na kufanya hivyo huku akipishana na lori la tani thelathini lililosimama kwenye foleni ya forodha na jingine linalokuja. Ukimtazama hutaona juhudi yoyote. Shati limelowa mgongoni, basi.

Wengi hawakuwa na baiskeli zao. Mwenye baiskeli aliitoa asubuhi na jioni akaletewa hesabu, kiasi kilichokubaliwa, kipatikane kisipatikane. Kilichobaki baada ya hesabu, pancha na chakula cha mchana ndicho kilichofika nyumbani. Kwa kijana aliyeacha shule ya msingi bila karo ya sekondari, katika nchi ambayo shamba la babu limegawanywa mpaka halitoshi kugawanywa tena, hiyo ilikuwa ajira. Wengine waliweka akiba kwa mzunguko, kila mmoja akichukua fungu lake zamu yake ilipofika, hadi naye akanunua ya kwake na kuacha kupeleka hesabu. Tukizungumza juu ya vyama vya waendeshaji vya siku hizi, na Sacco zao, tukumbuke kwamba mbegu yake iko hapo.

Miaka ya 1970 iliibadilisha kazi hiyo. Idi Amin alitwaa madaraka Uganda Januari 1971, na mwaka uliofuata akawafukuza Waasia waliokuwa wakimiliki maduka mengi na viwanda vingi. Rafu zikabaki tupu. Sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia vikawa vitu vya kutafutwa, na vilipatikana karibu: ng'ambo ya geti, Kenya. Upande wa pili Uganda ilikuwa na kahawa, na Julai 1975 baridi kali iliteketeza mibuni ya Brazili, bei ya kahawa duniani ikapaa hadi ikafika kilele mwaka 1977. Serikali ya Amin iliwalipa wakulima wake kidogo. Mnunuzi wa Kenya alilipa zaidi, tena papo hapo. Kahawa ikaanza kutiririka kuelekea mashariki. Chepkube, kituo kidogo cha mpakani chini ya Mlima Elgon upande wa Bungoma, kilipata umaarufu wa ghafla, na watu walitajirika humo kwa msimu mmoja. Kahawa ilipita kwa punda, kwa vichwa vya watu, na kwa baiskeli.

Magendo hayakuhitaji geti. Yalihitaji njia za panya, na baiskeli ndiyo chombo kilichozijua. Haina mngurumo na haiwaki taa. Ikifika kijito hubebwa begani. Kwa hiyo miaka hiyo hiyo ambayo baiskeli ilikuwa ikivusha abiria mchana mbele ya askari, ilikuwa ikivusha magunia usiku nyuma ya mgongo wa askari huyo huyo, na mara nyingine alikuwa anajua. Sitaipamba biashara hiyo. Watu walipigwa risasi kwenye njia zile, wengine walifungwa, na pato kubwa halikumfikia aliyekanyaga pedeli bali tajiri aliyengoja na lori. Lakini pia sitakubali kuiita wizi bila kuongeza neno. Mama aliyevusha kilo mbili za sukari mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, alikuwa akifanya soko ambalo mababu zake walilifanya kabla hakujawa na Kenya wala Uganda.

Hata baada ya Amin kuondoka 1979 mpaka haukutulia. Desemba 1987 askari wa nchi hizi mbili walifyatuliana risasi papo hapo Busia, na geti likafungwa. Lilipofunguliwa, baiskeli zilirudi kazini. Ndivyo zilivyozoea.

Busia ina chombo kingine ambacho sijui mji wa pili wenye kukitumia hivyo, na ambacho kingestahili sura yake. Ni baiskeli ya magurudumu matatu ya watu wenye ulemavu wa miguu. Pedeli zake ziko kifuani na huzungushwa kwa mikono. Wengi walioanza kuziendesha walikuwa wamepatwa na polio utotoni. Walikuja mpakani kutafuta riziki kama kila mtu, na maafisa wa forodha, kwa huruma au kwa kuona haya, wakawa hawawapekui wala hawawatozi kama wanavyowatoza wengine. Muda si muda wafanyabiashara wakatambua kuwa mzigo uliopakiwa kwenye baiskeli hizo ulipita. Wakaanza kuwakodisha wenye nazo.

Hapo ndipo huruma ilipogeuka kuwa kazi. Baiskeli zilipanuliwa kwa vyuma, nafasi ikaundwa chini ya kiti na nyuma yake, na mwenye baiskeli akaajiri kijana mwenye miguu mizima kumsukuma. Zingatia hilo: katika miji mingi mtu asiyeweza kutembea alitarajiwa kukaa mlangoni mwa msikiti au kanisa akiomba. Huko Busia alikuwa mwajiri. Alijenga nyumba, akasomesha watoto, akaoa. Wanaanthropolojia Herbert Muyinda na Susan Reynolds Whyte wamewafuatilia watu hawa na kuandika jinsi chombo kile kilivyowapa si mwendo tu bali nafasi katika jamii, pamoja na umoja wa kujitetea wanaponyanyaswa. Mimi naona hakuna jambo lenye fahari zaidi katika historia nzima ya mpaka huu.

Nafasi hiyo imepungua, na sababu yake ni njema. Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulitiwa saini 1999, ilianzisha Umoja wa Forodha Januari 2005. Ushuru wa bidhaa za Kenya zinazoingia Uganda ukapunguzwa hatua kwa hatua kwa miaka mitano hadi ukaisha. Ulipokosekana ushuru wa kukwepa, thamani ya msamaha wa mwenye baiskeli ya magurudumu matatu ikashuka. Soko huria linapohesabu faida zake, haki ni kuwahesabu na watu hawa.

Baiskeli ya abiria nayo ilikuwa imeshatoka nyumbani zamani. Ilishika barabara ya Tororo, Mbale na Jinja upande mmoja, na ya Bungoma, Kakamega na Kisumu upande wa pili. Kisumu iliwahi kujaa baiskeli hizo kiasi kwamba mgeni aliyeshuka stendi alizungukwa kabla hajakanyaga chini. Mapema miaka ya 1990 Kampala ikaweka injini mahali pa pedeli. Kenya ilichelewa, kwa sababu pikipiki ilikuwa ghali. Mwishoni mwa muongo wa 2000 serikali iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo zisizofika cc 250, na zile za India, Bajaj Boxer na TVS, zikamiminika. Mwaka 2005 pikipiki mpya zilizosajiliwa Kenya hazikufika 5,000. Kufikia 2011 zilikuwa zimepita 100,000 kwa mwaka mmoja. Mwaka 2014 Kampala ikazaa SafeBoda, na abiria akawa anaita mwendeshaji kwa simu badala ya kuitwa naye kwa sauti.

Sasa tufike kwenye watalii. Kampala leo kuna kampuni zinazowatembeza wageni kwa bodaboda, na kwa wageni wengi hiyo ndiyo siku wanayoikumbuka. Walter's Boda Boda Tours ni mojawapo. Mgeni huvikwa helmeti, hupandishwa nyuma ya mwendeshaji ambaye pia ni mwongozaji, na hupelekwa Makaburi ya Kasubi walikozikwa makabaka, Msikiti wa Kitaifa wa Old Kampala, Hekalu la Wabahai, masoko na vichochoro ambavyo basi la watalii haliwezi kuvifikia. Analipia kuona mji, lakini anaporudi kwao hueleza namna alivyouona: upepo usoni, magari kila upande, mwendeshaji akimsimulia historia bila kugeuza kichwa. Usafiri wenyewe umekuwa ndio kivutio.

Jambo hili si geni duniani, na inafaa tujue lilivyotokea kwingine, kwa sababu halitokei lenyewe. Magari ya San Francisco yanayovutwa kwa kamba ya chuma kwenye milima ya mji huo yalianza 1873. Mwaka 1947 meya alitaka kuyaondoa na kuweka mabasi, kwa hoja kwamba yamechakaa na yanatia hasara. Mwanamke aliyeitwa Friedel Klussmann aliwakusanya wananchi, suala likapelekwa kwenye kura, na magari yakanusurika. Mwaka 1964 yalitangazwa kuwa hazina ya kihistoria ya taifa la Marekani. Leo watalii hupanga foleni ndefu kuyapanda. Funchal, katika kisiwa cha Madeira cha Wareno, wakazi wa mtaa wa juu wa Monte waliteremka mjini tangu karne ya kumi na tisa kwa viti vya fito vilivyosukwa na kuwekwa juu ya mbao za kuteleza, wanaume wawili wakiviongoza kwa kamba na kwa soli za viatu vyao. Wakazi hawavihitaji tena. Wageni wanavihitaji, na wanaume wale bado wanalipwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwetu hapa hapa, Goma. Kivu ya Kaskazini ina chukudu: chombo cha mbao tupu, magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi, usukani wa mbao, na mwendeshaji anayepiga goti juu yake huku mguu mmoja ukisukuma ardhi. Hupakia mamia ya kilo za viazi, kabichi na makaa, huteremka kutoka milimani hadi mjini kwa mvuto wa mteremko, na kurudi husukumwa kwa nguvu za kifua. Goma imepitia vita, wakimbizi na volkano. Pamoja na hayo yote, mji huo ulisimamisha katika mzunguko wa barabara sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu, nayo si ya rais wala jenerali. Ni ya mwendesha chukudu na mzigo wake. Kila mgeni wa Goma hupiga picha pale. Waliochonga sanamu ile walijua ni nani aliyeulisha mji.

Busia je? Tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani. Utaratibu wake ni mzuri. Anayetoka Kenya hapiti kwenye madawati mawili tena; huenda moja kwa moja upande wa Uganda, na huko huwakuta maafisa wa nchi zote mbili wameketi jengo moja, mmoja akimgongea muhuri wa kutoka na wa pili akimgongea wa kuingia. Anayetoka Uganda humalizia upande wa Kenya vivyo hivyo. Malaba nayo ina kituo cha namna hiyo. Saa za kungoja zimepungua kwa malori na kwa watu, na mwenye biashara ndogo ana utaratibu mwepesi wa kuvusha bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000. Ni nani atakayelilia foleni ya zamani?

Hata hivyo, majengo hayo yameshughulikia lile pengo kwa njia rasmi, na pengo ndilo lililokuwa shamba la bodaboda. Pikipiki ikamalizia pale majengo yalipoacha. Baiskeli za abiria bado zipo Busia na Malaba, hasa kwa safari fupi za mjini na kwa wenye mizigo midogo wasiotaka kulipa bei ya pikipiki. Lakini mwendeshaji kijana anayeanza leo hatafuti keria ya kuchomelewa. Anatafuta arubuni ya Boxer. Fundi anayejua kupinda vyuma vile ni mzee. Wazee waliovusha watu mbele ya askari wa Amin wanapungua kila mwaka unaopita, na Machi 2020, Uviko-19 ulipofunga mipaka kwa abiria na Uganda ikapiga marufuku bodaboda kubeba watu, hata wale waliokuwa bado barabarani walijifunza kuishi bila kazi hiyo.

Kisichoingia akilini ni hiki. Mtalii hupanda bodaboda Kampala, hununua fulana yenye picha yake Nairobi, husoma habari zake katika vitabu vya wasafiri, kisha akipita Busia ndani ya basi la Nairobi kwenda Kampala hukaa saa nzima mahali kazi hiyo ilipozaliwa bila mtu yeyote kumwambia. Anashuka, anagongewa pasi yake, ananunua maji, anapanda tena. Maelfu hupita hivyo kila mwezi. Mji ambao wageni hawalazimiki kuvutwa kuja, kwa sababu tayari wanapita, una bahati ambayo miji mingi ya Kenya inaililia.

Kwa hiyo naiomba Serikali ya Kaunti ya Busia mambo machache yasiyohitaji mkopo. Nunueni sasa, kabla vyuma havijauzwa kwa kilo, Black Mamba moja yenye keria ya fundi, mto na madigadi zake, pamoja na baiskeli moja ya magurudumu matatu iliyovusha sukari, muziweke mahali ambapo abiria wa basi anaweza kuziona akiwa bado anangoja muhuri. Waketisheni wazee wa kazi hii, wa Burumba, wa Malaba na wa ng'ambo, wasimulie huku mtu akirekodi, na wasimulie kwa lugha waitakayo, Kisamia, Kiteso au Kiswahili. Watengeeni waendesha baiskeli waliobaki kijiwe chao karibu na kituo cha mpakani, chenye kivuli na kibao cha bei, ili mgeni anayetaka kupanda ajue pa kwenda na mwendeshaji asifukuzwe na askari wa kaunti. Na fedha itakayopatikana ibaki mikononi mwa anayekanyaga pedeli. Busia ya Uganda ialikwe, kwa kuwa historia hii haina upande.

Nawe msomaji, safari yako ikikupitisha Busia au Malaba, usiridhike na dirisha la basi. Tafuta baiskeli, mwamkie mwenyewe, elewaneni nauli kabla hujapanda, shika kile kishikio chini ya tandiko na umwache akupeleke. Akiwa mtu wa makamo, muulize alianza lini.